Je, kozi ya kwanza ya kuunda programu za tarakilishi inastahili karo yake?

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, matangazo ya kozi fupi za kuunda programu za tarakilishi huongezeka mijini. Hubandikwa kwenye nguzo za stima na milango ya saiba, na husambazwa kwa simu kutoka kundi moja hadi jingine. Ahadi yake huwa ni ile ile: kwamba mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu atakuwa amefuzu na kuwa tayari kwa soko la ajira baada ya majuma machache.

Wapo wazazi wanaouza ndama ili kulipia kozi hizo. Wapo pia makarani, walimu na wahasibu wa mishahara ya kadri wanaojinyima kwa miezi kadhaa, wakiamini kwamba asiyejua kuandika programu ataachwa nyuma na ulimwengu. Karo yenyewe hutofautiana mno. Kuna kozi za shilingi elfu chache, na kuna nyingine zinazozidi laki moja.

Kama fedha hizo zinatumika vyema au zinapotea hutegemea anayelipa ni nani na anatarajia nini. Kwa kijana asiye na kazi, anayetaraji kuajiriwa kuwa mwandishi wa programu punde tu kozi inapokamilika, uwezekano wa kuvunjika moyo ni mkubwa. Kwa mtu ambaye tayari ana kazi nyingine, hasa kazi yenye hesabu, orodha na ripoti za kurudiwarudiwa, kozi hiyo hiyo yaweza kumfaa kuliko anavyodhani.

Ili kuelewa sababu ya tofauti hiyo, ni muhimu kwanza kujua kinachofundishwa.

Takriban kozi zote za wanaoanza hufundisha mambo manne. La kwanza ni kuhifadhi thamani chini ya jina, kwa mfano kuiambia tarakilishi kwamba 'bei' ni 45. La pili ni kuweka sharti: ikiwa jambo fulani ni kweli, fanya hivi, la sivyo fanya vile. La tatu ni kurudia kazi moja mara nyingi bila kuchoka. La nne ni kufunga hatua kadhaa pamoja na kuzipa jina ili zitumike tena bila kuandikwa upya.

Lugha inayotumiwa zaidi na wanaoanza siku hizi ni Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka wa 1991. Maneno yake maalumu hayafiki 40, na mengi yake ni Kiingereza chepesi ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi nchini anakifahamu. Kwa hivyo kuyakariri si kazi. Ugumu u katika kuyapanga ili yatoe jibu sahihi, na zaidi katika kutambua kwamba jibu lililotolewa si sahihi.

Wengi husahau kupiga hesabu ya muda. Kozi ya majuma kumi, yenye masomo ya jioni mbili kwa juma na saa mbili kila jioni, ni saa 40 tu za mafunzo. Hilo ni juma moja la kazi ya kawaida. Hakuna bwana harusi anayeweza kumkabidhi suti yake mwanagenzi aliyekaa kwenye cherehani kwa juma moja, hata akiwa na cheti kilichopigwa mhuri.

Waajiri nao hufikiri vivyo hivyo, na historia ya sekta hii jijini Nairobi yatoa ushahidi.

Kati ya mwaka wa 2007, huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa, na mwaka wa 2009, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa, Kenya iliingia katika enzi mpya. Intaneti ikawa ya kasi zaidi na bei ikashuka. Mnamo 2010 kituo cha iHub kikafunguliwa Nairobi na kuwa makutano ya vijana waliokuwa wakibuni programu za simu. Shule ya Moringa ikafuata mwaka wa 2014 kwa mafunzo ya muda mfupi lakini ya kutwa nzima.

Kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos mwaka wa 2014, ikafungua afisi Nairobi mwaka uliofuata. Mpango wake uliwavutia maelfu ya vijana: kuwachukua wenye vipaji, kuwafundisha huku wakilipwa, kisha kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo zilizohitaji waandishi wa programu.

Hata hivyo, mnamo Septemba 2019 kampuni hiyo iliwaachisha kazi takriban waandishi wa programu 400 wa ngazi ya chini katika nchi za Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wateja walitaka watu wenye tajriba, wala si wanaoanza. Ikumbukwe kwamba vijana hao hawakuwa wametoka katika kozi ya jioni ya majuma kumi. Walikuwa wamechujwa kutoka miongoni mwa maelfu ya walioomba nafasi, na walikuwa wamefanya kazi hiyo kila siku.

Mambo yalizidi kubadilika baada ya Novemba 2022, programu ya akili bandia ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Vijisehemu vifupi vya programu ambavyo zamani mwajiri angempa mwanagenzi ajifunzie navyo, sasa huandikwa na programu kama hiyo kwa sekunde chache. Haimaanishi kwamba kazi hiyo imekufa. Ila ngazi ya chini kabisa, ambayo wengi walitarajia kuanzia kupanda, imekuwa nyembamba.

Basi ni nani anayefaidika na kozi ya kwanza?

Mchukulie karani wa chama cha ushirika cha maziwa katika mojawapo ya kaunti za Mlima Kenya. Chama chake kina wakulima 600. Kila mwisho wa mwezi yeye hujumlisha kilo ambazo kila mkulima ameleta, huzidisha kwa bei, kisha hutoa gharama ya chakula cha ng'ombe ambacho mkulima alichukua kwa mkopo katika duka la chama. Kazi hiyo humchukua siku nne, akiwa na kikokotoo mkononi na madaftari mezani.

Mkulima aliyeleta kilo 12 kila siku kwa siku 30 huwa ameleta kilo 360. Kwa bei ya shilingi 45, anastahili shilingi 16,200. Akitolewa makato ya shilingi 1,500, anabakia na shilingi 14,700. Hesabu hii ni ya darasa la tano, lakini kuirudia mara 600 bila kukosea ni jambo jingine kabisa, na kila kosa humleta mkulima mwenye hasira dirishani.

Kwa mafunzo ya saa 40, karani huyo anaweza kuandika programu ya mistari isiyozidi 30 itakayosoma orodha ya kilo, isome orodha ya makato, na kutoa jedwali la malipo ya wote 600 kabla ya chai ya saa nne kupoa. Thamani iliyohifadhiwa, sharti, marudio na hatua zilizopewa jina, zote zinatumika hapo. Hahitaji zaidi ya hayo.

Sasa itazame programu yake ya kwanza ikifanya kazi. Katika orodha yumo mkulima ambaye ng'ombe wake alikauka maziwa mwanzoni mwa mwezi. Alileta kilo 20 pekee, zenye thamani ya shilingi 900, lakini alikuwa amekwishachukua chakula cha shilingi 1,500. Programu itaandika, bila haya, kwamba mkulima huyo alipwe kutoa shilingi 600.

Tarakilishi haioni ajabu yoyote katika jibu hilo. Wala mwandishi wa programu aliyetoka chuoni asiyewahi kuingia katika afisi ya ushirika huenda asitambue la kufanya. Je, mkulima adaiwe papo hapo? Je, asamehewe? Karani ndiye anayejua kwamba, kwa desturi ya chama chake, deni hilo la shilingi 600 husongezwa hadi mwezi unaofuata na malipo ya mwezi huu huwa sufuri. Anaongeza sharti moja la mistari mitatu, na programu inakuwa sahihi.

Hapo ndipo ilipo faida ya kozi ya kwanza. Sehemu adimu ya ujuzi katika mfano huo si ile mistari 30, maana wapo maelfu wanaoweza kuiandika. Adimu ni kuijua kazi yenyewe: kujua makato hufanywaje, ni mkulima yupi hulipwa kupitia kwa mkewe, na ni tarehe ipi bei hubadilika. Karani tayari anao ujuzi huo, na kozi inamwongezea kifaa kidogo cha kuutumia. Kijana asiye na kazi hupata kifaa kile kile, lakini hana bado pa kukitumia.

Mfano huo una wenzake wengi. Wakusanyaji wa takwimu za afya na kilimo mashinani hutumia fomu za simu zinazoundwa kwa programu kama ODK na KoboToolbox. Ndani ya fomu hizo mna masharti: ikiwa anayehojiwa hana watoto, maswali ya chanjo yarukwe. Mtu aliyefundishwa masharti katika kozi ya wanaoanza hugundua mara moja fomu iliyopangwa vibaya, na aghalabu ndiye anayeombwa kutunga inayofuata.

Mhasibu anayelinganisha mamia ya malipo ya M-Pesa na ankara za wateja kila Ijumaa yuko katika hali hiyo hiyo. Safaricom ilizindua jukwaa lake la Daraja mwaka wa 2017, ambalo huwezesha mfumo wa biashara kupokea taarifa za malipo moja kwa moja. Kujenga mfumo kamili juu ya jukwaa hilo kwahitaji mtaalamu, kwa kuwa pesa za watu zikipotea hakuna atakayekubali kisingizio kwamba mwandishi alikuwa bado anajifunza. Lakini mhasibu aliyepitia kozi ya kwanza ataweza kumweleza mtaalamu huyo anachotaka, na kung'amua anapotozwa fedha za kazi ya siku kumi kwa kazi ya siku mbili.

Walimu pia wana sababu yao. Mnamo 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa somo la kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Mwalimu wa hisabati au sayansi anayeweza kulifundisha, hata kwa kiwango cha kuanzia, yuko katika nafasi bora kuliko mwenzake shule yake inapotafuta wa kulishika somo hilo.

Kwa upande mwingine, wapo ambao hawahitaji kozi hii hata kidogo. Fundi wa magari, muuguzi wa wodini au mwenye duka la rejareja atapata manufaa makubwa zaidi kwa kutumia karo ile ile kusomea jambo lililo karibu na kazi yake. Hata yule karani wa maziwa angeweza kuanza kwa Excel. Jedwali lililopangwa vyema litamaliza sehemu kubwa ya kazi yake bila yeye kuandika programu yoyote, na kozi za Excel kwa kawaida ni fupi na nafuu. Kosa la kawaida ni kuruka hatua hiyo kwa sababu jina la kozi nyingine lina mvuto zaidi.

Na kijana asiye na kazi je? Haitakuwa haki kumfungia mlango. Wapo Wakenya wengi wanaojikimu kwa kuandika programu ambao hawakuwahi kusomea shahada ya tarakilishi. Lakini kwake yeye kozi ya kwanza ina kazi moja tu, nayo ni kumwonyesha iwapo anaiweza na kuipenda kazi yenyewe. Baada ya hapo kuna mwaka mzima au zaidi wa kujifunza kila siku, kujenga vitu vinavyotumiwa na watu halisi na kufanya kazi chini ya anayejua zaidi. Anayemuuzia hatua ya kwanza kwa bei ya safari yote anamdanganya.

Kuipenda kazi hiyo si suala dogo. Sehemu kubwa ya siku ya mwandishi wa programu hupita katika kutafuta kosa: nukta iliyosahaulika, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa mahali pamoja na ndogo mahali pengine, nambari iliyosomwa kama neno. Wapo watu ambao kutafuta huko huwapa raha kama ya mchezaji wa bao. Wengine hupandwa na hasira na kufunga tarakilishi. Hakuna aibu katika hili la pili, ila ni heri kuligundua kabla ya ndama kuuzwa.

Kuligundua hakuhitaji karo. Chuo Kikuu cha Harvard hutoa somo lake la utangulizi, CS50, bila malipo kwa yeyote mwenye intaneti, ingawa ni zito na huenda kwa kasi. Shirika la freeCodeCamp, lililoanzishwa mwaka wa 2014, hufundisha pia bila malipo na kwa mwendo wa pole. Kwa watoto, na hata kwa watu wazima wasioona haya, ipo Scratch ya taasisi ya MIT nchini Marekani, iliyotolewa mwaka wa 2007, ambayo mwanafunzi huunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika maneno.

Majuma mawili ya kujaribu mojawapo ya masomo hayo, saa moja kila jioni, yatatosha kumpa mtu picha. Mwenye simu pekee anaweza kuanza, japo kuandika programu kwa kidole gumba huchosha upesi. Atakayeendelea atahitaji tarakilishi. Hili nalo lazima liingie katika hesabu, kwani mwanafunzi anayeigusa tarakilishi darasani tu, jioni mbili kwa juma, husahau Alhamisi alichofundishwa Jumanne.

Baada ya majuma hayo mawili, anayeona bado anataka darasa lenye mwalimu atakuwa na sababu nzuri. Mwalimu huokoa saa nyingi za kukwama, na wanafunzi wenza humfanya mtu asiache njiani, jambo ambalo masomo ya bure ya intaneti yameshindwa kulitatua. Kabla ya kulipa, yapo maswali ambayo chuo chochote chenye heshima kinapaswa kuyajibu bila kugugumia.

Linalotangulia ni kama chuo kimesajiliwa. Vyuo vya mafunzo ya kiufundi nchini hupaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya TVETA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2013, na mzazi ana haki ya kuulizia leseni hiyo. Ijapokuwa leseni haithibitishi kwamba mafunzo ni bora, kukosekana kwake kwatosha kumrudisha mtu nyumbani na fedha zake.

Kisha aulize kuhusu waliomaliza mwaka uliotangulia. Ni wangapi walioanza, ni wangapi waliofika mwisho, na wanafanya kazi gani sasa? Chuo kinachotaja mhitimu mmoja tu aliyefaulu, yule yule ambaye picha yake imo kwenye bango, hakijajibu swali. Aombe pia kuonyeshwa kitu kilichoundwa na mwanafunzi wa kawaida, si yule bora, na aombe kuketi katika somo moja. Akimkuta mwalimu akisoma maandishi ukutani huku wanafunzi wakinakili, aondoke. Uandishi wa programu, kama kuendesha baiskeli, haufundishwi kwa kunakili.

Swali la cheti huulizwa sana na wazazi, na kwa kweli uzito wake ni mdogo. Cheti cha majuma kumi hakimsisimui mwajiri wa waandishi wa programu, ambaye mara nyingi humpa mwombaji tatizo na kumtaka alitatue mbele yake. Kina manufaa zaidi kwa mtumishi wa umma au mwalimu anayetaka kuonyesha katika faili yake kwamba alijiendeleza.

Kuhusu akili bandia, wapo wanaosema hakuna haja tena ya kujifunza chochote, maana programu hizo zitaandika zote. Mfano wa chama cha maziwa unaonyesha upungufu wa hoja hiyo. Karani asiye na mafunzo yoyote anaweza leo kuiomba ChatGPT imwandikie mistari ile 30, naye ataipata. Lakini asipoweza kuisoma, hatajua kama deni la shilingi 600 limesongezwa, limefutwa au limeandikwa kutoa. Atakuja kujua siku ya malipo, wakulima wakiwa wamepiga foleni.

Kwa aliyeamua kulipa, juma la kwanza baada ya kozi lina uzito kuliko juma lolote la darasani. Kinachofundishwa kwa saa 40 huyeyuka kwa muda mfupi kisipotumiwa. Heri aingie darasani akiwa na kazi moja mahususi anayotaka kuirahisisha, iwe ni orodha ya malipo, ripoti ya mahudhurio au ulinganishaji wa ankara, aitaje kwa mwalimu siku ya kwanza, na aanze kuiandika kabla ya kozi kwisha, wakati bado yupo wa kumuuliza.

Miezi miwili ya mwanzo atafanya kazi hiyo mara mbili, kwa daftari na kwa programu, akilinganisha majibu. Yanapotofautiana, si ajabu akakuta kwamba daftari ndilo lililokosea.